Nyanya ya Ngozi Ngumu: Chuo Kikuu na Kampuni Wakipatana, Kibarua Huulizwa na Nani?



Msimu mmoja wa mvua walikuja vijana wanne katika shamba letu la chai, huku upande wa Toro. Walikuwa vijana wenye adabu. Walitusalimu, wakasimama mwisho wa mistari, kila mmoja na daftari lake na saa ya kupimia sekunde. Asubuhi walihesabu mkono unakwenda mara ngapi kwenye kichaka na kurudi kwenye kikapu. Mchana walihesabu tunapumzika mara ngapi na kwa muda gani. Mama mmoja kati yetu alipokwenda kumnyonyesha mtoto, hilo nalo liliandikwa. Tulipomwuliza nyapara hao ni akina nani, alijibu kwamba ni watu wa chuo kikuu, wanafanya utafiti. Tulifurahi kidogo. Tulidhani mtu msomi akija kutupima ataona jinsi mgongo unavyouma na jinsi vidole vinavyopasuka kwa baridi ya alfajiri, na pengine atayaandika hayo pia.

Baada ya miezi mitatu kilo za siku zilipandishwa. Tulikwenda kwa meneja. Akasema hesabu imetoka chuo kikuu, na hesabu ya chuo kikuu haibishaniwi. Katibu wa tawi letu aliandika barua chuoni kuomba nakala ya utafiti huo. Jibu lilikuja fupi, kwa Kiingereza: matokeo ni mali ya yule aliyeugharimia utafiti.

Hatutaji jina la shamba wala la chuo kwa sababu shauri halijakwisha, na tutalirudia mwishoni. Lakini jibu lile lilitukaa moyoni. Chuo kikuu na kampuni hupatana vipi? Nani hulipa, nani huchagua swali la kuulizwa, na nani huondoka na jibu? Tukaona afadhali tutafute mfano wa zamani, ambao mwanzo wake unajulikana na mwisho wake unajulikana, na ambao nyaraka zake zilifika hadi mahakamani. Tuliupata mbali sana, California, huko Marekani. Ni habari ya nyanya.

VYUO VILIVYOANZISHWA KWA AJILI YA MKULIMA

Mwaka 1862, Rais wa Marekani akiwa Abraham Lincoln, ilitungwa sheria ya kuyapa majimbo ardhi ya serikali ili waiuze na kuanzisha vyuo vya kufundishia kilimo na ufundi. Mwaka 1887 ikaja sheria nyingine, Sheria ya Hatch, iliyotoa fedha za umma kila mwaka kwa vituo vya utafiti wa kilimo vya vyuo hivyo. Mwaka 1914 wakaongezewa mabwana shamba wa kupeleka matokeo vijijini. Kwa hiyo utafiti wa kilimo katika vyuo hivyo, tangu msingi wake, umesimama juu ya fedha ya mlipa kodi. Neno hili tuliweke akilini, maana ndilo lililokuja kugombewa baadaye.

Chuo Kikuu cha California kina tawi lake la kilimo katika mji wa Davis. Hapo, katika miaka ya 1940, wakati vita vikuu vimewachukua vijana, mtaalamu wa mbegu aitwaye Jack Hanna alianza kutafuta nyanya inayoweza kuvunwa kwa mashine. Wenzake wengine walimwona anapoteza wakati. Na kweli, kila mwenye bustani nyuma ya nyumba anajua kwa nini. Nyanya haziivi pamoja. Leo unachuma tatu, keshokutwa tano. Ngozi yake ni laini, ukiibana inapasuka. Mashine gani itaweza kuchagua kama mkono wa mama anayekwenda sokoni?

Hanna hakungoja mashine yenye mkono wa mama. Alitafuta nyanya nyingine. Alizalisha na kuchagua kwa miaka mingi mpaka akapata nyanya zinazoiva karibu zote kwa wakati mmoja, zinazoachia kikonyo zikitikiswa, na zenye ngozi ngumu ya kustahimili kuanguka. (Sisi tunaopika nyanya kila siku tunajua kwamba nyanya isiyopasuka ikianguka ina walakini wake. Lakini hizi zilikuwa za kiwandani, za kutiwa makoponi na kufanywa mchuzi mzito.) Wakati huo huo mhandisi wa chuo hicho hicho, Coby Lorenzen, na wenzake walikuwa wanatengeneza mashine. Mashine yenyewe hukata mmea wote karibu na udongo, huuinua, huutikisa, na nyanya huangukia kwenye mkanda. Pembeni mwa mkanda husimama watu, wamepanda juu ya mashine inayokwenda, wakitupa nyanya mbichi, zilizooza na madongo ya udongo. Mbegu ililinganishwa na chuma, na chuma kikalinganishwa na mbegu.

Sasa tazameni jinsi ushirika ulivyojengwa, maana hapa ndipo penye mafunzo mengi. Chuo kilitoa mbegu na michoro ya mashine, kikajiandikishia hataza, yaani haki ya kisheria ya mwenye uvumbuzi. Kampuni ya Blackwelder, yenye karakana katika mji wa Rio Vista, ilipewa leseni ya kuunda na kuuza mashine hizo na kukilipa chuo mrabaha. Wenye mashamba makubwa walitoa viwanja vya majaribio. Wenye viwanda vya makopo walihusika, kwa kuwa kama wangekataa kununua nyanya zilizovunwa kwa mashine, kazi yote ingekuwa bure. Mabwana shamba wa chuo walizunguka kuwafundisha wakulima kupanda kwa nafasi inayoifaa mashine na kumwagilia maji kwa ratiba inayozifanya nyanya ziive pamoja.

Mtaalamu wa mbegu, mhandisi, mwenye karakana, mwenye shamba, mwenye kiwanda, bwana shamba: kila mmoja alikuwa na kiti chake. Hatuwezi kusema ulikuwa ushirika mbovu. Ulikuwa umepangwa vizuri sana. Wachumaji ndio peke yao ambao hawakuwa na kiti.

ROBO YA MAVUNO, KISHA YOTE

Wachumaji wa nyanya wakati ule wengi walikuwa wanaume kutoka Meksiko, walioletwa kwa mapatano ya serikali mbili yaliyoanza mwaka 1942. Waliitwa braseru. Mkataba wao uliwafunga kwa mwajiri, na anayelalamika alirudishwa kwao. Vyama vya wafanyakazi na watu wa dini walipinga utaratibu huo kwa miaka mingi, na mwisho wa mwaka 1964 ukafutwa. Wenye mashamba walipiga kelele kwamba nyanya zitaoza shambani. Hazikuoza. Mashine ilikuwa imekwisha kungojea mlangoni.

Mwaka 1963 mashine ilivuna kama nyanya moja au mbili tu katika kila mia zilizokwenda viwandani California. Mwaka 1965 ilivuna karibu robo. Mwaka 1968 ilivuna asilimia 95. Yaani katika miaka mitano kazi ya mkono iliyokuwa imelisha makumi ya maelfu ya watu ikawa imefutika. Wapo waliokadiria kwamba mpaka mwisho wa miaka ya 1970 nafasi za kazi 32,000 hivi zilikuwa zimepotea katika nyanya.

Na si vibarua peke yao. Mashine moja ilifika kuuzwa kwa zaidi ya dola 50,000. Mkulima mwenye eka chache hawezi kuinunua, na hata akiikopa hana eneo la kuizungusha. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 California ilikuwa na wakulima wa nyanya za kiwandani wapatao 4,000. Mwaka 1973 walibaki kama 600. Nyanya zenyewe hazikupungua, ziliongezeka.

Kwa muda walibaki wale wa juu ya mashine, wengi wao wanawake, wakisimama kutwa katika vumbi na mtikisiko. Halafu katikati ya miaka ya 1970 likaja jicho la umeme, linalotambua nyanya ya kijani na kuitupa lenyewe. Wanawake wengi wakashuka, hawakupanda tena.

Lazima tuseme na upande wa pili, maana gazeti la wafanyakazi likificha hoja za mwenzake litaaibika barazani. Chuo kilisema kwamba kuchuma nyanya kwa kuinama kutwa nzima katika jua la California si kazi ya kumtakia binadamu. Ni kweli. Kilisema kwamba bila mashine kilimo kile kingehamia Meksiko, na wafanyakazi wa viwanda vya makopo nao wangekosa kazi. Huenda ni kweli. Kilisema chakula kinakuwa rahisi, na kwamba mtaalamu lazima awe huru kuchagua anachokichunguza. Hoja hizi si za kupuuzwa. Sisi wenyewe, ambao magoti yetu yanajua kuchuma, hatuwezi kusimama tukaimba sifa za kuinama.

Lakini kuna hesabu moja ambayo chuo hakikupenda sana kuizungumza, na iliyoifanya si chama cha wafanyakazi. Mwaka 1970 wachumi wawili, Andrew Schmitz na David Seckler, walichapisha uchunguzi wao juu ya mashine ile ya nyanya. Walitafuta faida iliyopatikana kwa jamii ukiilinganisha na fedha iliyotumika katika utafiti. Faida ilikuwa kubwa mno. Wakauliza swali jingine: je, wachumaji waliopoteza kazi wangelipwa fidia ya mishahara yao, bado faida ingebaki? Walikuta kwamba hata kama fidia ingelipwa, faida ingebaki. Fedha ya kuwalipa ilikuwepo. Haikulipwa kwa sababu hakukuwa na mkataba wowote uliomlazimisha mtu kuilipa.

MAKULI WA BANDARI WALIFANYAJE?

Kuna wafanyakazi wengine katika jimbo lile lile, miaka ile ile, waliokutana na mashine vilevile. Ni makuli wa bandari za pwani ya magharibi ya Marekani, ambao chama chao ni ILWU na kiongozi wao wakati huo alikuwa Harry Bridges, baharia wa zamani mzaliwa wa Australia. Kwa miaka mingi walipinga winchi mpya na kila njia ya kupunguza watu kwenye genge. Mwishoni mwa miaka ya 1950 wakaona kwamba watashindwa kipande kwa kipande. Wakabadilisha swali. Badala ya kuuliza mashine ije au isije, wakauliza ikija, kilichookolewa ni cha nani.

Oktoba 1960 walitia sahihi. Waajiri waliruhusiwa kuleta mashine na kubadili kazi. Nao wakakubali kutia dola milioni 5 kila mwaka katika mfuko wa wafanyakazi, kwa miaka mitano na nusu. Kwa fedha hiyo mzee aliweza kustaafu mapema na kiinua mgongo mkononi, na aliyeandikishwa kikamilifu alihakikishiwa kwamba hatafukuzwa kwa sababu ya mashine na kwamba mapato yake hayatashuka chini ya kiwango.

Hatusemi ulikuwa mkataba wa peponi. Vibarua wa kutwa na wale wa daraja la pili hawakupata ulinzi ule, na jambo hilo lilileta uchungu mkubwa ndani ya chama. Kontena zilikuja upesi kuliko ilivyodhaniwa, na waajiri waliokoa fedha nyingi mno kuliko walizotoa. Mwaka 1971 makuli hao walilazimika kugoma kwa muda mrefu. Lakini pimeni wenyewe: kuli wa San Francisco aliondoka na kitu mfukoni, na mchumaji wa nyanya wa Davis, mwendo usiozidi saa mbili kwa gari, aliondoka na kofia yake.

Tofauti ilitoka wapi? Kuli alikuwa na chama chenye nguvu tangu miaka ya 1930. Mchumaji hakuwa nacho, na sheria ya mwaka 1935 iliyowapa wafanyakazi wa viwandani wa Marekani haki ya kujadiliana iliwaacha nje wafanyakazi wa mashambani. Chama cha akina César Chávez na Dolores Huerta kilianza mwaka 1962, na mgomo wao mkubwa wa zabibu ulianza mwaka 1965. Ni mwaka ule ule ambao mashine tayari ilikuwa inavuna robo ya nyanya. California ilipata sheria ya kuwapa wafanyakazi wa mashambani haki ya kujadiliana mwaka 1975. Kwa wachumaji wa nyanya, mlango ulifunguliwa chumba kikiwa kitupu.

MBELE YA JAJI

Mwaka 1972 mtu aitwaye Jim Hightower na wenzake walitoa ripoti kali juu ya vyuo vya kilimo vya Marekani. Hoja yao moja tunaiona ina maana sana kwetu. Walisema kampuni haihitaji kulipa gharama yote ya utafiti ili kuuelekeza. Inatoa kidogo tu, na kile kidogo kinavuta fedha nyingi ya umma ambayo tayari iko pale: maabara iliyojengwa na serikali, mshahara wa profesa, shamba la majaribio. Ni kama mtu anayetia kikombe kimoja cha maji kwenye pampu kavu ili avute pipa zima, halafu pipa analipeleka kwake.

Mwaka 1979 wanasheria wa shirika la kuwasaidia maskini wa mashambani wa California walikishtaki chuo kikuu kwa niaba ya vibarua 19 na kikundi kimoja cha watetezi wa wakulima wadogo. Walidai kwamba fedha ya umma imetumika kuwanufaisha wachache, kinyume na makusudi ya ile Sheria ya Hatch. Walidai pia kwamba wakuu wa chuo walikuwa na maslahi yao katika biashara ya kilimo. Waliomba, pamoja na mengine, mrabaha wa mashine utumike kuwasaidia walioondolewa. Mwaka huo huo Bob Bergland, Waziri wa Kilimo wa Marekani, naye alitangaza kwamba hapendi fedha za serikali kuu zitumike katika utafiti ambao shabaha yake ni kupunguza vibarua.

Kesi ilikwenda miaka. Mwaka 1987 jaji aliamua kwamba chuo lazima kiweke utaratibu wa kuangalia, kabla ya kutumia fedha ya sheria ile, kama maslahi ya wakulima wadogo yamezingatiwa. Watu walishangilia. Mwaka 1989 Mahakama ya Rufani ikautengua uamuzi huo. Vibarua walishindwa.

Walishindwa, lakini wakati kesi ikiendelea mambo mengi yalitolewa nje: nani aliandika barua kwa nani, nani alitoa kiasi gani, nani alikaa katika kamati gani. Kabla ya hapo, hayo yote yaliitwa sayansi. Tunavyoona sisi, faida ya kesi ile ilikuwa hapo.

VITI VIWILI KATI YA VITANO

Baada ya hapo ushirika wa vyuo na kampuni ulizidi kukua. Desemba 1980 Bunge la Marekani lilipitisha sheria ya kuviruhusu vyuo kumiliki uvumbuzi uliogharimiwa na serikali kuu na kuuza leseni zake. Vyuo vingi vikafungua ofisi maalumu yenye wanasheria na wafanyabiashara, kazi yake kuandikisha hataza na kutafuta wateja. Nchi nyingine zimeiga, na vyuo vya Afrika Mashariki navyo sasa vina ofisi za namna hiyo.

Mfano mmoja unatosha, na ni wa chuo kile kile cha California, tawi la Berkeley. Mwaka 1998 idara yake ya mimea na vijidudu ilipatana na kampuni ya Uswisi, Novartis. Kampuni iliahidi dola milioni 25 kwa miaka mitano. Ikapewa haki ya kuwa ya kwanza kujadili leseni za theluthi moja hivi ya uvumbuzi wa idara nzima, hata ule uliotokana na fedha ya serikali. Na katika kamati ya watu watano ya kugawa fedha za utafiti, kampuni ilipata viti viwili. Walimu wengine na wanafunzi walipinga. Mapatano yalipokwisha mwaka 2003 hayakuendelezwa, na wataalamu kutoka chuo kingine walioombwa kuyachunguza walishauri kwamba chuo kijiepushe na mapatano yanayofunga idara nzima.

Sisi tunaipenda hesabu ile ya viti kwa sababu haina siri. Viti viwili kati ya vitano ni kitu unachoweza kukionyesha kwa vidole kwenye mkutano wa tawi. Kumbe kampuni inapotoa fedha haitosheki na shukrani. Inadai kiti, inadai kuona matokeo kwanza, na inadai yaandikwe. Kampuni haikosei kudai. Wanaokosea ni wale ambao hawakudai chochote.

NA SISI WA CHAI

Tusidhani haya ni ya Wamarekani tu. Zamani Kenya, Uganda na Tanzania zilikuwa na taasisi moja ya utafiti wa chai, makao yake Kericho. Kazi nzuri imefanyika huko, na kuna miche tunayoichuma leo iliyochaguliwa na wataalamu wa pale. Utafiti huo kwa miaka mingi uligharimiwa kwa ushuru unaokatwa katika kila kilo ya chai. Na kila kilo ya chai, kabla ya kukatwa ushuru, ilipita kwanza kwenye vidole vya mtu. Basi mchangiaji wa utafiti ni nani?

Mashine za kuchumia chai zimekwisha ingia katika mashamba yetu. Huko Kericho wafanyakazi waligoma kwa ajili yake mwaka 2010, na mwezi wa Mei 2023 mashine kadhaa zilichomwa moto. Tunaelewa hasira ile. Lakini mashine iliyochomwa hulipwa na bima, na kijana aliyekamatwa halipwi na mtu. Bibi mmoja wa hapa kwetu, aliyechuma chai tangu akiwa msichana, alisema yeye hana ugomvi na mkasi wa umeme, ana ugomvi na karatasi, maana mkasi hauji shambani mpaka kwanza ije karatasi.

Sasa turudi kwenye karatasi yetu. Baada ya barua ya kwanza kujibiwa kwa ufupi, kamati ya tawi iliandika ya pili, nakala kwa shamba na nakala kwa chuo. Tuliomba tuambiwe mapema, kabla ya mtu yeyote kuja na saa mistarini, nani anamlipa na kwa swali gani. Tuliomba matokeo yasomwe mbele yetu kwa lugha tunayoielewa. Tuliomba tarakimu zilizochukuliwa kwenye miili yetu zisitumike kupandisha kilo bila majadiliano na chama. Tukaongeza, kwa kuwafikiria makuli wa San Francisco, kwamba ikija mashine, sehemu ya kinachookolewa kwa kila kilo iwekwe katika mfuko wa watakaopunguzwa, na vibarua wa msimu wasiachwe nje. Mwisho tuliomba kiti kimoja katika kamati inayosimamia ushirika wa shamba na chuo.

Shamba lilikubali la kwanza. La mfuko walisema litafikiriwa. Kuhusu kiti hawakusema lolote.

Chuo safari hii hakikutuma barua. Alikuja mwalimu mmoja mwenyewe, siku ya Jumapili, kwa basi. Aliketi nasi chini ya mti ulio karibu na mizani, akatandika majedwali yake kwenye gunia, akatusomea kwa Kiswahili safu baada ya safu. Ilikuwapo safu ya mwendo wa mkono. Ilikuwapo safu ya uzito wa kikapu. Ilikuwapo safu iliyoitwa "muda uliopotea", na ndani yake tulikuta kunywa maji, kunyoosha mgongo, na zile dakika 14 za mama aliyemnyonyesha mtoto. Mama mwenyewe alikuwapo. Aliuliza, "Zilipotelea wapi?" Mwalimu alikaa kimya kidogo, kisha akasema fomu ilitoka kwa kampuni, wao walijaza tu.

Tukamwuliza iko wapi safu ya kungoja kwenye mizani, maana jioni tunasimama kwenye foleni karani akiwa amechelewa, na saa hizo hazilipwi. Haikuwapo. Iko wapi safu ya mwendo wa kutoka mstari wa mwisho mpaka barabarani na kikapu kimejaa? Haikuwapo. Akaomba kalamu, akaandika.

Kabla ya kuondoka alikubali kwamba fomu ya msimu ujao, chuo kikija, itapitiwa kwanza na kamati ya tawi. Hakuweza kuahidi kwamba kampuni itaikubali. Katibu wetu sasa anazo kurasa mbili za fomu tuliyoiandika wenyewe, na wiki mbili hizi wachumaji sita wa mistari ya juu wanaandika kila jioni saa waliyofika mizanini na saa waliyopimiwa. Matawi ya mashamba mengine yanayotaka nakala ya fomu hiyo yaandike kwa katibu, kwa anuani ya chama.